Soda ya Ntalali

Kinywaji chenyewe nilikuwa nakikumbuka vizuri kuliko sura ya bibi aliyekuwa akikitengeneza. Sura yake imenipotea. Nimebakiwa na mikono, kanga ya rangi ya udongo na kikohozi chake cha alfajiri. Lakini kinywaji ningeweza kukueleza wakati wowote ukiniuliza: cheusi kama kahawa, kitamu, chenye uchachu kidogo kwa nyuma, na vipovu vilivyouma ulimi. Kilitokana na ntalali, yale matunda meusi ya porini ambayo watu wa pwani huyaita furu, yaliyochemshwa na asali.

Bibi huyo alikuwa mzaa baba, na aliishi Goweko. Sisi tuliishi Tabora mjini, baba akiwa fundi wa mabehewa. Tulikwenda kwa bibi kwa treni, na kila tulipokwenda tulikuta watoto wengi. Binamu walitoka Usoke na Nzega, wengine Dar es Salaam, tukalala chumba kizima juu ya mikeka, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Kulikuwa na wali na nyama, vitu ambavyo kwetu vilikuwa vya Krismasi. Siku ya mwisho bibi alitoa vibuyu viwili chumbani kwake, akatuita sisi watoto kwanza, kabla ya mtu mzima yeyote, akatumiminia kwenye vikombe vya bati. Tulikunywa, tukapiga mbweu, tukashindana nani atapiga kubwa zaidi. Wakubwa walikaa pembeni wakitutazama. Ukiniuliza utoto wangu ulikuwaje, siku hizo ndizo zinazokuja kwanza.

Niliacha ualimu wa sayansikimu baada ya koo langu kuharibika. Daktari alisema nikiendelea kupaza sauti darasani nitabaki bila sauti kabisa. Nilikaa nyumbani Gongoni, hapahapa Tabora, karibu mwaka mzima nikifuma vitambaa ambavyo hakuna aliyevihitaji, mpaka mume wangu akaniandikisha kwenye mafunzo ya kusindika matunda bila kuniuliza. Huko nilikutana na mwanamke ambaye baadaye alikuwa mwenzangu katika kazi hii. Kwao wamekuwa wakiuza viungo mjini tangu enzi za babu zake. Yeye ni Mwislamu, mimi ni Mmoravian, na kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba jemu yangu inaungua.

Ilikuwa imeungua kweli. Sikuwa na kitu kingine cha kuonyesha siku ya mwisho ya mafunzo, kwa hiyo nilichemsha ntalali nilizokuwa nimenunua kwa ajili ya kula tu, nikatia asali na tangawizi, nikaacha siku mbili kwenye ndoo yenye mfuniko. Nilipofungua, vipovu vilipanda. Mwenzangu alionja kijiko kimoja, akaonja cha pili, akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia ni furaha ya kwa bibi yangu. Maneno hayo yalinitoka bila kufikiri, na ndiyo tuliyokuja kuyachapisha kwenye lebo.

Tulianzia jikoni kwake, nyuma ya duka. Wanawake wa vijijini walituletea ntalali kwa ndoo mvua zinapoisha, tukachemsha, tukachuja kwa kitambaa, tukajaza chupa za glasi na kukaza vifuniko kwa mashine ya mkono. Mwanzoni tuliacha kinywaji kijitengenezee vipovu chenyewe kama cha bibi. Wiki ya tatu chupa kumi na moja zilipasuka mfululizo mchana kweupe, na mama mkwe wake aliyekuwa akiswali chumba cha pili alidhani ni bunduki. Na kulikuwa na jambo lingine lililomsumbua mwenzangu zaidi ya chupa. Kitu kinachochachuka chenyewe, alisema, siku ya tatu hujui tena kama ni soda au ni pombe, na yeye hawezi kuuza asichokijua. Tukanunua mtungi wa gesi. Tangu hapo tuliua chachu kwa kuchemsha, tukapoza, tukaingiza gesi kama wanavyofanya viwandani. Vibali vilitoka. Ladha ilibadilika kidogo, nami nikajiambia ni kidogo mno kwa mtu kuigundua.

Lebo tulimpa kijana wa Dar es Salaam atuchoree. Tulimwandikia kwamba soda yetu inatoka kwenye njia ya zamani ya misafara, ile iliyopita Tabora kwenda Ujiji. Akaturudishia picha ya ngamia watatu jangwani. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini. Huku mizigo ilibebwa na watu, vichwani na mabegani, na baba wa babu yangu alikuwa mmoja wao. Tulimwomba aondoe ngamia, akaweka mwanamke mwenye kibuyu na nyuma yake mstari wa watu wenye mizigo. Chini yake yakakaa maneno yangu: Furaha ya kwa Bibi.

Katika muda wote huo kulikuwa na mtu mmoja niliyepaswa kumwuliza na sikumwuliza. Wazazi wangu walishafariki, lakini shangazi yangu, dada wa mwisho wa baba, alikuwa bado Goweko kwenye kiwanja kilekile. Mwenzangu aliniuliza zaidi ya mara moja kwa nini nisiende kuchukua mapishi yenyewe kwake badala ya kubahatisha. Nilijibu kwamba nina kazi nyingi. Mpaka leo sielewi kama lile lilikuwa jibu la kweli. Nilikuwa sijamtembelea kwa miaka minne na niliona haya, hilo nalijua. Lakini huenda pia niliogopa angenisahihisha.

Soda ilipendwa. Hoteli mbili zilichukua, maduka ya karibu na stesheni yakachukua, na watu waliosafiri walibeba chupa kama zawadi, pamoja na asali. Kisha mama mmoja aliyekuwa akimuoza binti yake akatuagizia kreti kumi na tano za sherehe ya kumuaga binti. Alitaka kitu cha kienyeji mezani, alisema, si zilezile soda za kila siku.

Nilikwenda ukumbini mwenyewe kuhakikisha zimepoa. Muziki ulikuwa juu, vijana wakipiga picha na chupa zetu, nami nilisimama karibu na mlango wa jikoni nikijiona mtu wa maana. Ndipo nikaona meza ya wazee wa upande wa bwana harusi. Mama mmoja mzee, amevaa kitenge kipya na miwani, alikuwa ameinua glasi, akainusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Aliirudisha mezani. Akachukua kisahani akaifunika. Mama wa pembeni yake alimwinamia, wakasemezana, naye akafunika ya kwake. Baadaye glasi nne zilikuwa zimefunikwa.

Nilidhani imeharibika. Nilikimbia jikoni nikafungua chupa tatu na kuonja, zilikuwa salama. Nikaenda kwenye ile meza, nikapiga goti kidogo, nikawaamkia shikamoo. Waliitikia marahaba, wote wanne, kwa upole. Nikamwuliza yule mwenye miwani kama kinywaji kina kasoro.

Aliniangalia usoni kama mtu anayetafuta anifananishe na nani. Hakuwa na hasira.

"Mwanangu," akasema, "hapa nani amefariki?"

Sikumwelewa. Nilisema hakuna aliyefariki, mama, ni soda tu, tunaitengeneza sisi hapa mjini. Akaniuliza imetengenezwa na nini. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyehesabu akapata jumla aliyoitarajia. Akanieleza kwamba yeye ni wa upande wa Goweko, na kwao ntalali na asali hunywewa siku ya kuondoa matanga, basi, si siku nyingine. Hakuweza kuinywa mbele ya mwali. Akaniomba nisione vibaya.

Nilirudi jikoni nikasimama karibu na friji. Nakumbuka nilisoma lebo yetu mara kadhaa. Mama wa binti alinifuata baadaye, maneno yalishamfikia, akaniuliza kwa sauti ya chini iwapo nilijua. Nilimwapia kwamba sikujua. Sidhani aliniamini, na kwa kweli nilipokuwa nikiapa, mimi mwenyewe sikuwa na hakika.

Siku mbili baadaye nikapanda treni kwenda Goweko na chupa sita kwenye kikapu. Shangazi alinipokea kana kwamba nilikuwa nimeondoka pale wiki iliyopita, na hilo liliniumiza kuliko kama angenigombeza. Amekuwa mdogo, mgongo umepinda, lakini macho yake yanaona mbali. Alinionyesha tuta la reli mpya na kulalamikia vumbi lake. Tulikula kwanza. Baadaye nilifungua chupa moja nikampa, bila kumwambia kitu.

Alikunywa funda moja, akakaa nayo mdomoni.

"Siyo," alisema.

Ilikuwa na sukari, alisema, wakati mimi sikuwa nimetia sukari hata chembe. Gesi ilikuwa nyingi. Na ile ya mama yake ilikuwa na uchungu mwishoni, kwa sababu walitumia asali ya nyuki wadogo wasiouma, hii ya nyuki wakubwa haifai. Alisema hayo yote huku akiendelea kunywa, akamaliza chupa, akanyoosha mkono kwenye kikapu akachukua ya pili.

Nilimwuliza kuhusu matanga. Alishangaa kwamba nauliza. Akanijibu kwamba ndiyo, ni ya kuondolea matanga, sasa nilifikiri ni ya nini? Nikasema nilifikiri ni ya likizo. Nikamhesabia safari zangu za Goweko nilizozikumbuka: ile ya mbuzi aliyeingia jikoni, ile binamu wa Usoke alipovunjika mkono, ile ambayo mimi sikuwa na meno ya mbele. Nilikuwa nikicheka wakati nazisimulia. Shangazi hakucheka, alikuwa akizipanga. Ya mbuzi, alisema, ilikuwa ya baba yake mdogo. Ya mkono ilikuwa ya mume wake yeye mwenyewe. Akazungusha chupa mkononi.

"Na ile ya meno," akasema, "ilikuwa ya mdogo wako."

Nilijua kwamba mama alizaa mtoto baada yangu ambaye hakuishi mwaka. Nilijua kama mtu anavyojua jina la kijiji ambacho hajawahi kufika. Nilikuwa sijui kwamba nilikuwepo. Nilikuwepo, nikapewa kikombe cha kwanza, nikashinda mashindano ya mbweu. Hilo la kushinda nalikumbuka hata sasa, na jinsi binamu walivyonipigia makofi. Mama alikuwa wapi? Nilimtafuta kwenye kumbukumbu hiyo nikashindwa kumpata. Katika picha niliyo nayo kuna watoto, vikombe, mikono ya bibi, na nyuma yao watu wazima wamekaa tu, hawana nyuso.

Nilimwuliza shangazi kwa nini walitupa sisi watoto kwanza. Alijibu haraka, kama jambo lisilohitaji maelezo. Wakati wa msiba, alisema, watoto huambiwa wanyamaze. Siku ya kuondoa matanga inabidi nyumba isikie kelele tena, na wakubwa bado hawawezi kuzipiga. Kwa hiyo wanapewa watoto kinywaji kinachotekenya, kelele zinaanzia kwao.

Basi ni cha furaha, nikasema. Akasema hapana, ni cha msiba. Kisha akafikiri akasema hajui, hajawahi kuulizwa hivyo. Nikamwuliza kama ni cha Wanyamwezi wote, akasema hapana, mke wa kaka yake mwingine alitoka Nzega na hakukijua kabisa. Bibi alitoka nacho kwao. Je, kilikuja na misafara, na baba wa babu? Alisema yule mzee alikwenda pwani na mizigo mara tatu, na kwamba kinywaji alikikuta hukuhuku. Dakika chache baadaye akasema au labda alikileta. Nililala kwake siku mbili, na kila nilipomwuliza nilipata jibu lingine, na kila moja alilitoa kwa uhakika uleule.

Nilirudi mjini nikamweleza mwenzangu, nikamwambia lazima tusimamishe. Nilikuwa nimewauzia watu msiba nikiuita furaha. Alinisikiliza huku akipima iliki. Alisema kwao ukwaju hunywewa kwenye futari na kwenye hitima, na kahawa ni ya harusi na ya mazishi, wala hakuna anayesimama katikati kuuliza kahawa ni ya nini. Nikamwambia haya ni tofauti. Akaniuliza tofauti iko wapi. Nilijaribu kumweleza nikashindwa, nikakasirika, nikamwambia yeye hawezi kuelewa kwa sababu si cha kwao. Alifunga mfuko wa iliki, akasema kwamba kweli si cha kwao, lakini anaona hata mwenye nacho hakielewi. Hatukusemeshana wiki nzima, na tulikuwa tunapika kwenye jiko moja.

Mwishowe tulichofanya ni kitu kidogo, na kilifanywa kwa uchovu zaidi ya busara. Maneno ya chini ya picha yaliondolewa. Ikabaki ntalali, asali, tangawizi, maji. Walioagiza kwa ajili ya harusi tulianza kuwauliza: familia inatoka upande gani, kuna wazee wa Goweko? Watu wengine walicheka. Mteja mmoja alikasirika akasema amekuja kununua soda, hakuja kuandikishwa. Shangazi nilimpelekea chupa za soda iliyotiwa asali ya nyuki wadogo, safari hii kwa gesi kidogo. Akasema siyo, lakini imekaribia. Mara iliyofuata nilipeleka ileile bila kubadilisha kitu, akasema nimeiharibu.

Kisha mwezi uliopita akaja dukani mwanamume wa makamo, ana kiwanda kidogo cha kuchomelea vyuma hapa mjini. Mke wake alikuwa amefariki. Alitaka kreti mbili za siku ya kuondoa matanga. Nilimwuliza, kama nilivyozoea sasa, kwao ni Goweko? Akasema hapana, kwao ni Igunga, desturi hiyo haijui, hajawahi kuisikia. Nikachanganyikiwa zaidi. Nikamwuliza kwa nini basi ameichagua hii. Alisema mke wake alikuwa akiwanunulia watoto kila Jumamosi, na tangu msiba uanze hawajainywa.

Nilizipeleka mwenyewe. Uani kulikuwa na turubai, na wanawake wa kwaya walikuwa wakimaliza kuosha masufuria. Watoto walikuwa watatu wa pale nyumbani na wengine wengi wa jamaa. Sikumwambia mtu afanye nini na nani apewe kwanza. Niliweka kreti chini na kurudi nyuma. Baba yao alifungua chupa moja, akaishika, akaonekana hajui ampe nani, kisha akampa mtoto aliyekuwa karibu. Mtoto akanywa, akabeua. Mwingine akacheka. Baada ya muda mfupi ua wote ulikuwa na kelele, na mama mmoja akawaambia wapunguze sauti, wawaheshimu wafiwa. Watoto wakanyamaza. Nilitaka kumwambia awaache, ndiyo maana yake, lakini ilikuwa maana ya kwetu, na hata kwetu siijui sawasawa. Nikaanza kukusanya chupa tupu. 

Wakati wa kuondoka nilimpa baba yao mkono. Nilianza kumwambia pole, nikasita katikati kwa sababu matanga yalikuwa yameondolewa, nikaishia kumwambia asante. Alinijibu asante pia. Nyuma yetu kelele zilikuwa zimeanza tena, kidogokidogo, kwa upande wa jikoni.

Nyumbani mume wangu aliniuliza imekuwaje. Nilimwambia zimeisha zote, wamerudisha chupa tupu. Akasema si hilo aliloliuliza. Nikamjibu sijui, na nikaingia kuosha mikono tule.